Kabla ya Mtungi, Tazama Saa ya Kurudi Nairobi

Naona macho yenu yote yako kwenye mitungi ya hewa na regileta, vifaa vya kupumulia majini, hapa mezani. Tutavifikia. Kwanza niambieni, mnarudi Nairobi saa ngapi?

Kwa mtu wa Nairobi maandalizi ya kupiga mbizi yanaanzia hapo, na hapo ndipo tunapoharibu kila msimu wa kaskazi. Mnateremka Diani Ijumaa, mnazamia Jumamosi na Jumapili asubuhi, kisha mbio kwenye treni ya alasiri maana Jumatatu kuna kazi. Habari ya ndege mnaijua, kwamba hupandi ukiwa umetoka majini punde. Mtasema, sisi tunapanda treni, haipai. Haipai, lakini inakwea! Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Mkiwa mita 18 chini ya maji mgandamizo unakaribia mara tatu ya ule wa juu, na naitrojeni inaingia mwilini. Mkiupunguza haraka, naitrojeni hiyo inageuka vipovu. Ndege, treni, basi, kwake ni mamoja.

Mwongozo wa Divers Alert Network, shirika la usalama wa wapiga mbizi, unataka usubiri kabla ya kupanda juu angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 ukizamia mara kadhaa au siku mfululizo. Unahesabu mwinuko kuanzia mita 600. Mtito Andei tu mmeshazipita.

Yuko atakayeniambia amerudi hivyo miaka yote na hajaumwa. Ajuaje? Bega likimuuma njiani anasema ni kiti cha basi. Vidole vikifa ganzi anasema ameulalia mkono. Anafika, anameza dawa ya maumivu, analala, na alistahili oksijeni na daktari. Jamani, zamieni Ijumaa na Jumamosi! Ukitoka majini Jumamosi saa sita mchana, saa 18 zinatimia Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Siku hiyo ogeleeni juu juu na mrija, kisha pandeni treni.

Haya, vifaa. Unafungua mtungi, geji ya hewa inasoma bar 200, unaridhika. Usiridhike. Mtungi uliofunguliwa kidogo tu nao husoma 200. Tia regileta kinywani, vuta pumzi nne za nguvu, jicho lisibanduke kwenye sindano. Ikitulia, vizuri. Ikishuka unapovuta na kupanda unapoacha, valvu haijafunguka sawasawa. Juu ya boti hewa itakutosha. Mita 20 chini, ambako kila pumzi inakula hewa mara tatu, itakunyima. Na msiniambie kijana wa boti ameshakagua. Ana mitungi ya watu wote mikononi, na atakayevuta hiyo hewa ni wewe.

Muda umenibana. Jaketi la kuelea lijazeni hewa kisha muitoe, mshipi wa vizito vya madini ya risasi ufunguke kwa mkono mmoja, mwenzako ajue regileta yako ya akiba imening'inia wapi. Hayo tutayashika kwa mikono kidimbwini. Aliyeazima vifaa aje navyo mapema, tuvikague kabla hajavivaa.