Mfanyabiashara, Guangzhou Haiishii Xiaobei

Ndugu zangu, wengi wenu mna mihuri ya China kwenye pasipoti, kwa hiyo habari za viza na kusafirisha mzigo mnazijua kuliko mimi. Nimekuja na lilelile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti. Mnafika Guangzhou, mnalala Xiaobei, mtaa wanakofikia Waafrika wengi, mnakula Xiaobei. Asubuhi mbio Sanyuanli kwenye mabegi, mchana Zhanxi kwenye saa, jioni Xiaobei tena. Mtu ameenda na kurudi miaka nenda miaka rudi, ukimuuliza mji ule ukoje anakutajia bei ya kontena. Inaniuma!

Kutoka Xiaobei hadi Beijing Lu hata kwa miguu unafika. Ni mtaa usioingia magari, maduka kushoto na kulia, wahudumu wamesimama milangoni wanapiga makofi kuita wateja, watalii wamejaa hadi usiku. Lakini maduka yaacheni kwanza, tazameni chini. Mwaka 2002 mtaa ule ulipochimbwa, ilikutwa barabara chini ya barabara, na chini yake nyingine, matabaka 11, kuanzia enzi ya Tang, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Hawakumwaga zege wakasonga mbele. Walifunika kwa vioo vizito, wakatia taa. Leo unasimama pale unaona mawe na matofali ya kila zama yamelaliana, na makofi ya wauza viatu yanalia nyuma yako. Watu wanainama, wanawaonyesha watoto, wanapiga picha. Wakitosheka wanageuka na kuingia madukani. Mnaiona hesabu hiyo? Lile shimo linaleta wateja.

Najua kuna mtu pale nyuma anasema moyoni: mzee, mimi nimefuata mzigo, kutalii nitatalii nikistaafu. Haya, nakujibu kibiashara. Kariakoo tumebomoa nyumba za zamani tukapandisha maghorofa, na ghorofa hili linauza kilekile anachouza jirani. Mteja amefuata bei tu, na bei ikishuka mtaa wa pili hutamwona tena. Guangzhou nao wamebomoa mengi, siwasifu kwa kila kitu. Ila pale walipoacha, panawalipa.

Nendeni Shangxiajiu, upande wa Liwan, mkaone majengo ya miaka ya 1920 na 1930. Ghorofa ya juu imetokeza mbele, imeshikwa na nguzo, na chini yake ndiyo njia ya watu. Mvua ya Guangzhou si ya mchezo, lakini mnunuzi anapita duka hadi duka halowi, na jua la Julai halimpati. Nani kati yetu anayejenga leo anamfikiria mteja kiasi hicho? Sisi tunajenga hadi ukingoni mwa barabara, halafu mama mwenye mtoto mgongoni anagombania njia na bodaboda na mkokoteni. Nimelisema hili hadi sauti imekauka, na nitalisema tena.

Naonyeshwa saa. Haya, haraka haraka. Mkiwa Shangxiajiu kuleni shuangpinai, maziwa ya nyati wa kufugwa yaliyogandishwa kwa mvuke, laini, yana utando juu. Soko la Hualin la jade, lile jiwe la thamani la kijani, liko jirani. Kama hujui kuichagua jade, usitoe fedha nyingi, maana kioo kilichotiwa rangi nacho kinang'aa. Bei za mitaa hii ni za rejareja, mzigo wa duka fuateni kwenye masoko ya jumla. Na Shisanhang mnakochukua nguo za jumla, ndipo wafanyabiashara wa Kizungu waliokuja kwa meli walipobanwa wafanyie biashara yao na China, tangu 1757 hadi 1842. Hiyo inataka siku yake nzima.

Anayekwenda Guangzhou kwenye maonyesho ya biashara ya Oktoba aje hapa mbele sasa hivi, nimchoree ramani ya njia.