Dawa mbili zikishindwa: kifafa cha watoto na upasuaji wa ubongo

(Mhadhara kwa wazazi na walimu, ukumbi wa parokia, komini ya Katuba, Lubumbashi)

Wamama, wababa, walimu, jambo yenu. Najua Jumamosi ni siku ya soko, kwa hiyo sitazunguka. Naanza na swali ambalo wengi wenu mnaniletea mimi daktari: "Munganga, mtoto anakunywa dawa miaka na miaka, kifafa hakiishi. Nasikia kule India wanapasua kichwa, mtoto anapona. Niuze kiwanja?"

Usiuze kiwanja bado. Kwanza nitakuuliza mtoto amekwisha kunywa dawa zipi, kwa kipimo gani, kwa muda gani. Nusu ya mazungumzo ya upasuaji yanaishia hapo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na kwamba hadi 7 kati ya 10 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa sawasawa. Maana yake watoto wengi wa kartie zetu hawahitaji kisu kabisa. Wanahitaji dawa inayowafaa, kila siku. Gardenal mnaijua wote. Jina lake la kitabibu ni fenobabitali. Mjerumani Alfred Hauptmann alionyesha mwaka 1912 kwamba inazuia kifafa, miaka 2 tu baada ya mji wetu kuanzishwa. Ni dawa ya kizee na ya bei ndogo. Inaweza kumfanya mtoto asinzie darasani au awe mkorofi nyumbani, lakini kazi bado inaifanya.

Sasa kuna hesabu moja ningependa mrudi nayo nyumbani. Mwaka 2000, Patrick Kwan na Martin Brodie wa Glasgow walichapisha matokeo ya wagonjwa 470 waliokuwa hawajawahi kutibiwa. Dawa ya kwanza ilizuia kifafa kwa asilimia 47 yao. Ya pili ikaongeza asilimia 13. Ya tatu, na hata dawa mbili kwa pamoja, hazikufikisha asilimia 5. Ndiyo sababu tangu mwaka 2010 wataalamu wa kifafa duniani wamekubaliana hivi: dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kunywewa vizuri zikishindwa, kifafa hicho ni sugu, na mtoto apelekwe akachunguzwe kwa undani. Kuendelea kubadilisha vidonge mwaka baada ya mwaka ni kumpotezea wakati.

Lakini sikilizeni vizuri neno "vizuri". Mtoto anayekodoa macho sekunde kumi, mwalimu akadhani anaota mchana, kisha akapewa Tegretol, dawa nyingine ya kifafa, anaweza kuzidi kuumwa, kwa sababu dawa hiyo huchochea kifafa cha aina ile. Hapo dawa haikushindwa, ilichaguliwa vibaya. Mtoto aliyeanza dozi akiwa na kilo 12 na leo ana kilo 20 bila dozi kuguswa, naye dawa haijamshinda. Halafu kuna ile ya farmasi kuishiwa, na ile ya chumba cha maombi. Mimi mwenyewe ni mtu wa maombi, msinielewe vibaya. Ukitaka kufunga, funga wewe mzazi, dawa ya mtoto iendelee. Gardenal ikikatwa ghafla, kifafa kinaweza kuja mfululizo bila mtoto kuzinduka katikati, na hicho kinaua.

Haya, tuseme dawa mbili zimeshindwa kweli. Hapo ndipo nawataka mharakishe, tofauti na wanaosema upasuaji ni wa mwisho kabisa, mtoto akishakuwa mkubwa. Tumewaona watoto walioangukia mbabula, jiko la makaa, wakaungua mikono. Mtoto anayeanguka kila wiki anabaki nyuma shuleni, na wako wanaofariki usingizini. Tena ubongo mchanga una uwezo ambao wa mtu mzima hauna: sehemu moja ikiharibika, nyingine inaweza kujifunza kazi yake. Dirisha hilo linazidi kufungwa kadiri miaka inavyokwenda.

Upasuaji wenyewe si mpya. Victor Horsley alimpasua kijana mwenye kifafa mjini London mwaka 1886, wakati Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, haipo hata kwenye ramani. Kazi ngumu ni kuijua sehemu ambako umeme mbaya unaanzia. Mtoto analazwa akiwa na nyaya za EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, kichwani na kamera mbele yake, mpaka aanguke mbele ya mashine. Anapigwa IRM, picha ya ubongo kwa sumaku (wengine huiita MRI), maana skana ya kawaida mara nyingi haioni kovu dogo. Mwanasaikolojia anapima kumbukumbu na lugha. Wote wakionyesha mahali pamoja, na mahali hapo panaweza kuondolewa bila kumnyang'anya mtoto usemi wala mwendo, ndipo daktari wa upasuaji anaitwa. Kifafa cha kurithi kinachowaka ubongo mzima mara moja hakina mahali pa kukata. Watoto wetu wengi waliopata kifafa baada ya malaria ya ubongo au meninjiti wana makovu yaliyotapakaa, na kwao ahadi ya upasuaji ni ndogo.

Ila yupo mtoto mmoja ambaye huwa tunampita bila kumwona. Tangu kuzaliwa mkono wa upande mmoja ni dhaifu, anachechemea, na anaanguka kila siku. Watu husema huyo ameharibika, hakuna la kufanya. Kinyume chake! Kama upande mmoja wa ubongo wake uliumia akiwa tumboni au wakati wa kuzaliwa, na ule mwingine ni mzima, madaktari wanaweza kuutenganisha upande mbovu na ule mzima. Ni upasuaji mkubwa, unatisha kuusikia. Lakini mkono ulikuwa tayari hauna nguvu, kwa hiyo cha kupoteza ni kidogo, na wengi wao huacha kuanguka na wanaendelea kutembea.

Ushahidi upo. New Delhi waliwagawa watoto 116 wenye kifafa sugu kwa kura, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 77 ya waliopasuliwa hawakuwa wakianguka. Waliobaki na dawa tu, asilimia 7. Sitawaficha upande wa pili: kati ya 57 waliopasuliwa, 19 walipata madhara makubwa, wengi wao udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ambao mara nyingi ulitarajiwa kutokana na sehemu iliyokatwa. Mzazi aambiwe haya kabla ya kutia sahihi.

Kuna njia nyingine. Kifaa cha kushtua neva ya shingoni kinapunguza mianguko, ni nadra kuimaliza, na betri yake huisha; kwetu sioni faida kubwa. Chakula cha mafuta mengi, kinachotumika tangu mwaka 1921, kinasaidia baadhi ya watoto, lakini hakuna bukari (ugali), kila kitu kinapimwa kwa gramu, na lazima awepo mtaalamu wa lishe. Usijaribu peke yako.

Safari inaelekea wapi? Cape Town kuna hospitali ya watoto ya Red Cross. Kuna New Delhi. Na Mbale, Uganda, hospitali ya CURE imewahi kupasua wagonjwa wa kifafa, kwa hiyo si jambo la wazungu tu. Lakini usinunue tiketi kwanza. Tuma dosie: diski ya IRM, EEG, orodha ya dawa zote na vipimo vyake, na video za simu zikimwonyesha mtoto tangu dalili ya kwanza. Wakisema hapana, umeokoa kiwanja. Na hata akipasuliwa, dawa zitaendelea muda mrefu baadaye.

(Mwalimu aliuliza afanye nini mtoto akiangukia darasani.)

Mlaze ubavu, ondoa madawati, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimfunge mikono. Ikipita dakika 5, hospitali.

(Mama mmoja aliuliza kuhusu mtoto wake wa miezi 6 anayejikunja mara nyingi mfululizo kila akiamka, nyumbani wanasema ni tumbo.)

Mama, huyo hangojei dawa mbili zishindwe. Hicho kinaweza kuwa kifafa cha watoto wachanga, na kila wiki inayopita inakula akili yake. Kina matibabu yake, dawa za homoni au vigabatrini, na zinaanzishwa haraka. Tukimaliza hapa njoo na simu yako, unionyeshe video. Kama huna, kesho asubuhi akiamka mpige video, kisha mlete hospitali moja kwa moja.