Vipaji Maalumu: Tunapima Shule au Tunapima Mchujo?

ZUHURA: Karibuni tena. Tuko Tabora mjini, bodaboda zinapita hapo nje kama kawaida yake, mtuvumilie. Leo mwalimu Shija kaja na neno la kuwaudhi waliosoma Tabora Boys na Tabora Girls. Mwalimu, sema kabla hawajazima simu.

SHIJA: Siwaudhi, dada Zuhura, nauliza tu. Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka tunaambiwa shule za vipaji maalumu zimefaulisha. Tabora Boys, Tabora Girls, Mzumbe, Ilboru, Kibaha, Kilakala, Msalato, divisheni wani zimejaa. Sasa wewe umechukua watoto wenye alama za juu za darasa la saba nchi nzima, ukawaweka pamoja bwenini. Baada ya miaka minne unashangaa wamefaulu?

ZUHURA: Ulitaka wafeli?

SHIJA: (anacheka) Nataka kujua shule imewaongezea nini. Maana muhtasari wanaosoma ni uleule wa shule ya kata, na mtihani ni uleule wa NECTA, Baraza la Mitihani. Kilicho maalumu pale ni watoto wenyewe, kukusanywa kwao.

ZUHURA: Ila NECTA siku hizi hawatangazi shule kumi bora. Waliacha Januari 2023.

SHIJA: Na walifanya la maana. Orodha ile ilikuwa inatuonyesha nani kapokea watoto gani, basi.

ZUHURA: Haya, lakini mtu wa Tabora ukimgusia Tabora Boys atakutajia Nyerere.

SHIJA: Atanitajia, ndiyo. Nyerere kaingia 1937 akitokea Mwisenge, Musoma. Mwanafunzi mmoja wa 1937 siyo tathmini ya shule, dada yangu.

ZUHURA: Utapata simu leo. Sasa tathmini yenyewe inafanywaje?

SHIJA: Tafuta watoto walio kwenye mpaka wa alama za kuchaguliwa. Tuseme mwaka fulani mstari umekatwa kwenye 280 kati ya 300. Mwenye 280 kachaguliwa vipaji, mwenye 279 kapelekwa shule ya kata. Kwa akili hawa huwezi kuwatofautisha. Huyu wa pili labda alisiliba B akidhani yuko swali la kumi na mbili, kumbe yuko la kumi na tatu. Wafuatilie hao wawili na wenzao wengi wa aina yao mpaka kidato cha nne. Wakija kupishana sana, hapo ndipo utasema shule imefanya kazi.

ZUHURA: Kuna mahali wamefanya hivyo?

SHIJA: Kenya hapo. Wachumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha 2014. Waliwaangalia watoto waliopenya kidogo tu kuingia shule za kitaifa, na wale waliokosa kidogo tu. Ushahidi kwamba shule za kitaifa ziliwaongezea alama za KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, ulikuwa haba sana. Mwaka huohuo akina Joshua Angrist wakatoa yao ya Boston na New York, shule za kuingia kwa mtihani, na huko nako alama hazikupanda kwa kiasi cha kujivunia.

ZUHURA: Ngoja hapo mwalimu, usinipitishe haraka. Mkenya aliyekosa shule ya kitaifa alikwenda wapi? Alikwenda shule ya mkoa, nayo bweni, nayo nzuri. Wa kwetu akikosa Tabora Girls mara nyingi anarudi shule ya kata. Anatembea asubuhi, anatembea jioni, akifika nyumbani kuna maji ya kuchota. Hiyo tofauti siyo ya Kenya.

SHIJA: Hapo umenibana.

ZUHURA: Na kwa binti bweni peke yake ni jambo kubwa. Hata kama hakuongezewa alama moja, amemaliza kidato cha nne hajaozeshwa. Hilo utaliweka wapi kwenye hesabu zako?

SHIJA: Liwekwe, tena mwanzoni: nani alimaliza, nani aliacha. Ndiyo maana nasema tupime hapa kwetu, tusiazime majibu. Na wala siyo kazi ya fedha nyingi. Kila mtoto ana namba yake ya Prem, ya kumtambulisha, tangu msingi. Alama za darasa la saba zipo, za kidato cha nne zipo, TAMISEMI wanajua nani alipangiwa wapi. Ni watu wawili watatu kukaa chini na kompyuta.

ZUHURA: Mimi kinachoniuma zaidi ni ambao hata huo mpaka hawakuufikia.

SHIJA: Hao ndio wengi. Nilipokuwa nafundisha upande wa Kaliua kulikuwa na mtoto wa darasa la sita. Siku ya soko la tumbaku anasimama na baba yake penye mzani. Bei inasomwa kwa dola, kila gredi na bei yake. Yule mtoto anazidisha kilo, anageuza kuwa shilingi kichwani, anamnong'oneza mzee kabla karani hajabonyeza kikokotoo. Sasa huyohuyo msimu wa kuchuma haonekani darasani, yuko kwenye mabani ya kukaushia tumbaku anafunga majani. Darasa la saba akapata alama za kawaida kabisa.

ZUHURA: Na ukimwambia mwalimu ateue wenye vipaji, atamtaja?

SHIJA: Hamtaji! Sisi walimu tunamtaja mwenye daftari safi na anayenyoosha mkono. Kaunti ya Broward, Florida, waliliona hilo. Zamani walingoja mwalimu au mzazi apendekeze. Kuanzia 2005 wakawapima watoto wote wa darasa la pili, na idadi ya watoto maskini na weusi walioingia programu ya vipaji ikapanda sana. Baadaye bajeti ikabana, upimaji ukasimamishwa, idadi ikashuka tena. Watoto ni walewale, dada.

ZUHURA: Tabora Boys yenyewe ilianza hivyo, kwa kuwaacha nje wengi. 1922 Waingereza walipoifungua ilikuwa ya watoto wa machifu. Mlango ulikuwa ukoo.

SHIJA: Leo mlango ni mtihani wa Septemba, na mwenye twisheni yuko mbele ya mwenye shamba la tumbaku. Sisi tuna upimaji wa darasa la nne, wa nchi nzima. Tungeutumia kuwatafuta hawa mapema.

ZUHURA: Ukishampata darasa la nne unampeleka wapi? Hakuna bweni la vipaji la msingi.

SHIJA: Simpeleki popote. Namwambia mwalimu mkuu huyu mtoto ni huyu, msimu wa kuchuma tukamwone baba yake.

ZUHURA: Na baba akisema tumbaku ndiyo inayolipa sare?

SHIJA: Hapo ndipo halmashauri itoe hela ya sare. Ni hela ndogo kuliko chakula cha bwenini cha muhula mmoja.

ZUHURA: Wasikilizaji wa Urambo, Sikonge na Kaliua, mliomo kwenye kamati za shule, tutumieni ujumbe wa sauti mtuambie kama halmashauri zenu zimewahi kufanya hivyo.