Mabwawa tumezindua, nguzo ziko wapi?

Asante mwenyekiti, shikamooni wazee. Nasikia huko nyuma hamnipati vizuri, maiki inatumia betri sababu stima imeenda, na tuko hapa Walukuba, Jinja yenyewe, Uganda, bwawa la umeme la Nalubaale liko hapo tu (kicheko). Basi nitapaza sauti.

Kuna aliyenishauri nisimguse Mzee, Rais Museveni, niongelee wizara ya nishati peke yake. Lakini kila kampeni ni yeye anasimama na kuhesabu megawati, huyu waziri hatumsikii. Sasa kama sifa ni zake, lawama tuzipeleke kwa nani?

Twende polepole. Mwingereza alifungua bwawa hapa 1954. Bwawa la Bujagali, Mzee aliweka jiwe la msingi 2002 pamoja na kampuni ya Wamarekani, AES, wakajitoa 2003, 2007 akarudi na Aga Khan wakaweka jiwe lingine, umeme wenyewe ukazinduliwa 2012. Hapo katikati ndio ule mgao wa 2005 na 2006, wazee mnaukumbuka, Ziwa Viktoria likashuka mpaka mitumbwi ikakaa kwenye matope. Ukame ulikuwepo, sikatai, lakini pia tulikuwa tunaachia maji hapa Jinja kuliko yale makubaliano ya zamani na Misri yanavyoruhusu, wataalamu waliyaandika haya wakati uleule. Tukaletewa majenereta ya dizeli, bei ikapanda. Na Mzee akamlaumu nani? Wabunge wa bunge la sita, eti ndio walimchelewesha.

Ndio mtindo wake huo. Kampuni inayoitwa Umeme ilipewa mkataba wa kusambaza stima miaka 20 kuanzia 2005, na mkataba wenye kuihakikishia faida ya asilimia 20 kwa pesa inayowekeza. Nani alikuwa rais siku wanasaini? Halafu baadaye yeye ndiye akawa wa kwanza kulalamika kwamba hao watu wanatunyonya, utafikiri mkataba uliletwa na upepo. Machi 2025 mkataba ukaisha, serikali ikalipa dola milioni 118, kampuni ikasema bado inadai, wakapelekana kwa wasuluhishi London.

Sasa bwawa la Karuma. Megawati 600, gharama zaidi ya dola bilioni moja na nusu, sehemu kubwa mkopo wa China, ilitakiwa iishe 2018 ikazinduliwa Septemba 2024. Bwawa la Isimba lilizinduliwa 2019, Agosti 2022 maji yakaingia kwenye mitambo, stima ikakatika sehemu nyingi. Ukijumlisha yote tuna uwezo wa megawati 2,000 na kitu, na saa ile ya jioni ambapo kila mtu amewasha tunatumia kama nusu yake. Nusu! Na mengine hatutumii lakini tunayalipia, mikataba ndio inasema hivyo.

Kwa hiyo shida siyo mto. Shida ni waya, transfoma, nguzo za kalitunsi, yaani mkaratusi, zilizooza chini, zinashikwa na waya wenyewe badala ya zenyewe kuushika. Na mimi naona, haya ni maoni yangu msiende kuniripoti, hazijengwi kwa sababu hazina sherehe. Bwawa lina bendi, lina hema, lina balozi wa kigeni. Transfoma ya kijiji nani ataikatia utepe?

Angalieni mama mmoja wa hapa mtaani. Ananunua Yaka, stima ya kulipia kabla, ya elfu tano, uniti 15 za kwanza za mwezi anapata kwa shilingi 250 kila moja, zikiisha tu bei inaruka mara tatu. Sasa yeye atapikia maharage hiyo stima? Hathubutu, Yaka ni ya taa na simu, maharage yako kwenye sigiri. Halafu 2023 Mzee akatoa amri ya kupiga marufuku biashara ya makaa kutoka kaskazini. Misitu inaisha, ni kweli, Acholi, watu wa huko kaskazini, wamelia miaka mingi, lakini umemwambia mtu asipikie makaa na hujampa cha kupikia, na malori bado yanapita usiku, tunayaona.

Mafuta nitayagusa tu maana mwenyekiti ananionyesha saa. Yaligunduliwa 2006. Bunge la Ulaya lilipoupinga ule mradi wa bomba la Hoima mpaka Tanga, 2022, Mzee alikasirika sana, na hapo niko naye nusu, watu waliochimba yao miaka mia wasije kutufundisha. Ila hiyo hasira angekuwa nayo pia kwa ajili ya watu wa Kabaale, huko Hoima. Vijiji 13 viliambiwa vipishe kiwanda cha kusafisha mafuta, 2012 hiyo, na waliochagua nyumba badala ya pesa wakangoja mpaka 2017 ndio wakapelekwa Kyakaboga. Mwaka huohuo 2017 nchi ikagundua kwamba maofisa 42 waligawana shilingi bilioni 6 kwa kuishindia serikali kesi ya kodi ya mafuta, tuliita handisheki, yaani kupeana mkono, na Mzee mwenyewe akakubali kwamba aliidhinisha. Wale 42 hawakungoja miaka mitano.

Haya, maswali. Tuanze na wewe wa fulana ya njano, nimekuona unatingisha kichwa tangu Bujagali.