Harufu Ilitangulia

Mhadhara kwa waendesha bodaboda na mafundi pikipiki, Mtwara Mjini

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wa kijiweni, habari za kazi. Nawashukuru kwa kuacha abiria mkaja hapa. Najua saa hizi stendi kuna hela, na hesabu ya bosi haisubiri mtu. Nitaingia moja kwa moja kwenye kilichonileta, yaani pikipiki niliyoiona ikiungua msimu wa korosho uliopita, kwenye siku ya majaribio.

Siku hizo mnazijua. Minada ikianza Oktoba na malipo ya wakulima yakiingia, wauzaji nao wanashuka na pikipiki mpya. Wanafunga turubai, wanapiga muziki, wanaweka mbili tatu za kujaribu. Unaandika jina, unavaa kofia ngumu, unazunguka uwanja, unarudisha, anapanda mwenzako. Ni jambo jema, maana mtu hauziwi mbuzi kwenye gunia.

Ile iliyoungua ilikuwa nyekundu, mita yake haijafika hata kilomita 60. Nilisimama kama hatua kumi kutoka pale. Kijana wa tano au wa sita aliporudi, aliegesha kwa stendi ya pembeni, injini bado inaunguruma, akasema, "Kaka, hii inanuka petroli." Aliyekuwa anapanga foleni akamjibu, "Mpya zote zinanuka hivyo."

Na mimi niliisikia ile harufu. Nimeshika spana miaka mingi, pua yangu inatofautisha rangi mpya inayoungua juu ya ekzosi na petroli mbichi. Nilijua ni petroli. Nikanyamaza, nikajiambia wenyewe wapo. Jambo hilo bado linaniuma, ndiyo maana nimesimama mbele yenu leo.

Injini ikazimwa, aliyefuata akapanda, akafunga mkanda wa kofia, akabonyeza starta. Haikuwaka. Akabonyeza tena. Mara ya tatu nikasikia "puu!", kama jiko la gesi lililochelewa kushika, na mwali ukapita chini ya tanki. Kijana akaruka. Pikipiki ikaanguka ubavu, petroli ikaanza kumwagika chini, na ule moto mdogo ukawa mkubwa kabla hatujaelewa tunatazama nini.

Mtu mmoja mwenye moyo mwema akaja mbio na ndoo ya maji, akaumwagia. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo inaelea juu yake na inakwenda yanakokwenda. Moto ulifuata yale maji ukaelekea miguuni mwa watu waliokuwa kwenye foleni. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwepo, lakini ulikuwa nyuma ya pikapu, chini ya maboksi. Wakati unatafutwa, sisi wengine tulikuwa tunachota mchanga kwa mikono, kwa kofia, kwa chochote. Mchanga na ule unga wa mtungi ndivyo vilivyoumaliza moto. Vijana, andikeni namba ya Zimamoto kwenye simu zenu sasa hivi: 114.

Yule kijana aliungua mguu wa kulia. Alivaa suruali ya nailoni, na nailoni ikishika moto inayeyuka, inang'ang'ania ngozi. Kuna aliyekwishatoa dawa ya meno mfukoni ampake. Mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo akamzuia, akamkalisha, akammiminia maji safi ya kawaida polepole, kikombe baada ya kikombe, hadi ndoo ikaisha na akaagiza nyingine. Maji yale yale yaliyoukuza moto wa petroli ndiyo yaliyokuwa dawa ya mguu. Kwa kidonda cha moto ni maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, halafu hospitali. Dawa ya meno, ute wa yai na mafuta ya kula usimpake mtu.

Sasa nije kwenye chanzo. Pikipiki hizi nyingi zinasafirishwa ndani ya maboksi, zinafungwa huku huku kwa mikono ya mafundi kama sisi. Ile ilipofunguliwa, mpira wa mafuta unaotoka kwenye koki, ile ya kufungulia petroli chini ya tanki, kwenda kabureta haukuwa na klipu ya kuubana. Umechomekwa tu. Mtikisiko wa ile mizunguko ukausogeza kidogo kidogo, petroli ikawa inadondokea injini ya moto. Kofia ya plagi, ile inayopeleka umeme wa cheche, nayo haikukaa sawasawa, kwa hiyo kila starta ilipobonyezwa, cheche ilirukia nje.

Petroli inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Fikiria basi jua letu la Mtwara. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, haupandi juu kama moshi, unashuka na kutambaa chini. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na watu wakakimbilia kuchota, waliokufa walizidi 100, na waendesha bodaboda walikuwemo. Mvuke ni huo huo.

Na sisi tunalala nao. Kwa kuogopa wezi, pikipiki inaingia sebuleni, wengine chumbani, watoto wamelala mkekani hapo hapo chini. Koki haijafungwa. Boya la kabureta, linalozuia petroli isizidi ndani yake, likikwama kwa uchafu, petroli inadondoka usiku kucha, mvuke unatambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa au kibatari. Nimewahi kuingia nyumba ya namna hiyo alfajiri, nikafungua madirisha kabla hata ya kusalimia.

Lakini kinachonikaa kichwani zaidi ni ile foleni. Pikipiki ya majaribio haina mwenyewe. Kila anayepanda anaamini aliyemtangulia ameikagua, na muuzaji anaamini fundi, na fundi aliifunga usiku akiharakishwa. Je, hiyo haifanani na za kwetu? Mwenye mkataba anaendesha mchana, deiwaka, yaani dereva wa kushikia kwa muda, anachukua jioni. Deiwaka akisikia harufu anasema "nitamwambia kesho", maana akiisimamisha atakosa hesabu. Mabosi mlioko hapa, nawaomba kwa dhati: kijana akiisimamisha kwa sababu inanuka petroli, hesabu ya siku hiyo msimdai.

Nimeegesha pikipiki yangu kule nje chini ya mwembe. Sigara zizimwe, simu mfukoni. Kila mmoja aende kwenye yake, afunge koki, apitishe kidole kwenye mpira wa mafuta kuanzia kwenye koki hadi kabureta, kisha anuse kidole. Atakayekuta klipu haipo aje kwangu, ninazo za kutosha kwenye boksi.