Jua Kwanza, Skrini Baadaye: Watoto Wetu na Elimu ya Mwanga

(Mhadhara kwa walimu wa shule za msingi na wazazi, Busia, Uganda)

Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi ndugu mliovuka mpaka kutoka upande wa Kenya, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nieleze jinsi intaneti inavyoweza kutusaidia kuwafundisha watoto mwanga na rangi. Nitaanza na pale inapotupoteza. Mtoto wa hapa akifungua video ya upinde wa mvua iliyotengenezwa Uingereza, anaweza kuona watoto wametoka nje saa sita mchana, mvua imekatika, na upinde umesimama juu ya mapaa. Hawadanganyi. Kwao mwezi wa Desemba jua la mchana hukaa chini, si mbali na upeo wa macho. Sisi tuko chini ya digrii moja kutoka Ikweta, na saa saba jua letu linachoma utosini.

Upinde nao una sharti lake. Mwanga huingia katika tone la mvua ukapinda, ukaakisiwa na ukuta wa nyuma wa tone, kisha hutoka ukapinda tena. Rangi zake hutengana, na nyekundu hutujia kwa pembe ya digrii 42 hivi, tukipima kutoka mahali palipo mkabala na jua, yaani pale kinapoangukia kivuli cha kichwa chako. Jua likipanda kupita digrii hizo, upinde wote unazama chini ya ardhi. Kwa hiyo hapa kwetu, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, hata mvua inyeshe na jua liwake, usiutafute angani. Anayesimama juu ya maporomoko ya Murchison anaweza kuuona mchana, kwa sababu anatazama chini kwenye manyunyu.

Mpeni mtoto kanuni hii aijaribu mwenyewe: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, angani hakuna upinde. Kikiwa kirefu kuliko wewe waziwazi na mvua iko upande wa pili wa jua, lipe jua mgongo, nyoosha mkono kuelekea kivuli cha kichwa chako, kisha panda ngumi nne na zaidi kidogo. Uko hapo. Mtoto aliyeupata hivyo aonyeshwe video sasa, na mwalimu amuulize: hawa wenzako wameuonaje saa sita? Hapo video imekuwa swali la jiografia na la fizikia kwa pamoja. Ikitangulia video, mtoto anakariri kitu ambacho anga lake linakikataa, na anayekosa anaonekana kuwa ni yeye.

Hilo ndilo ninaloliomba kwenu leo. Jicho la mtoto litangulie, akisie na kubishana na wenzake, halafu ndipo skrini ifunguliwe.

Na skrini yenyewe ni maabara. Huu ndio ugunduzi ninaoupenda kuliko yote, maana simu mnazo mifukoni. Laza simu mezani, fungua picha nyeupe tupu, kisha kwa ncha ya kidole weka juu yake tone dogo sana la maji. Dogo, nasema, lisiloenea. Tone hilo ni lenzi, yaani linakuza kinachoonekana chini yake. Tazameni ndani yake: weupe haumo. Kuna vidoa vyekundu, vya kijani na vya buluu, vimepangana.

Sasa fungueni picha ya bendera yetu. Penye weusi, vidoa vimezimwa au vimefifia sana. Penye wekundu, vyekundu ndivyo vinavyowaka. Lakini kwenye manjano mtoto atatafuta kidoa cha manjano na hatakipata. Vyekundu na vya kijani vinawaka pamoja, vya buluu vimefifia, na macho yetu yanasema "manjano". Jicho lina aina tatu za chembe zinazopokea rangi, na mchanganyiko huo unaziamsha karibu sawa na unavyoziamsha mwanga wa manjano halisi. Mwacheni mtoto akae na jambo hilo, msikimbilie maelezo. Atauliza kwa nini alipochanganya rangi nyekundu na kijani kwenye somo la kuchora alipata kahawia chafu. Ni swali la haki. Rangi ya kupaka hufyonza sehemu ya mwanga, na kila unayoongeza inafyonza zaidi. Skrini inatoa mwanga, na kila taa inayowashwa inaongeza.

Baada ya hapo programu ya kompyuta ina kazi ya kufanya. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya mwaka 2001, hutoa bure majaribio ya kwenye skrini. Mojawapo lina taa tatu zinazomulika kichwa cha mtu, nawe unaongeza au kupunguza kila taa. Lingine linapitisha mwanga kwenye kioo, maji na prizimu, yaani kipande cha kioo chenye pembe tatu kinachotenganisha rangi za mwanga. Nayapendelea kuliko video kwa sababu mtoto anashika usukani mwenyewe. Zaidi ya hayo, ukishayapakua yanafunguka bila mtandao. Bando likinunuliwa mara moja na mwalimu mmoja, wengine wanapokezana kwa kadi ya kumbukumbu. Mengi pia yamo kwa Kiswahili.

Prizimu ya kweli haina haja ya kununuliwa. Beseni la maji, kioo cha kujitazamia kilichoegemezwa ndani, jua la asubuhi na ukuta mweupe vinatosha kumwonyesha mtoto alichokieleza Isaac Newton mwaka 1672, kwamba rangi zilikuwemo ndani ya mwanga mweupe. Onyo moja, nalo ni zito: mtoto asitazame jua wala mmuliko wake kwenye kioo. Atazame ukutani tu.

Nimalizie na tundu la msumari kwenye bati. Lile doa la mwanga sakafuni ni picha ya jua lenyewe. Bati likiwa mita 3 juu na jua likiwa utosini, doa lina upana wa sentimita 3 hivi, na ni la mviringo hata tundu likiwa na pembe tatu. Ibn al-Haytham, mwanasayansi aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufanya kazi Kairo, aliandika juu ya umbo la jua lililopatwa linavyoonekana kupitia tundu.

Wengi mnakumbuka tarehe 3 Novemba 2013, watu walipomiminika Pakwach, kaskazini mwa Uganda, kuona jua likipatwa lote. Tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa tena. Kwetu litamegwa sehemu tu, na kila doa chini ya bati bovu litamegwa vilevile. Kila shule iliyo hapa iwe na karatasi ngumu zilizotobolewa na karatasi nyeupe za kupokelea picha, na watoto wawe wamezijaribu kwa jua la kawaida miezi mingi kabla, ili siku hiyo pasiwe na mmoja anayeinua macho. Miwani ya giza, filamu ya eksirei na kulitazama jua ndani ya beseni la maji havimkingi. Walimu walio tayari kuanza muhula huu tubaki hapa, tuandikishane majina na tugawane mafaili.