Mwajiri Si Hakimu wa Pensheni Yako

Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti amenionya nisirudie habari ya yule mtunza ghala. Mwenyekiti, unisamehe, nitairudia. Kila kiwanda kinapopunguza watu hapa Chang'ombe, Dar es Salaam, naulizwa swali lile lile: "Idara ya utumishi kiwandani wamesema sistahili pensheni, nifanyeje?" Na mimi nauliza: wamesema kama nani?

Nyie wa sekta binafsi pensheni yenu iko NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Masharti mnayajua: umri wa miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima, na michango isiyopungua miezi 180. Anayehesabu ni mfuko. Mwajiri kazi yake ni kukata kwako, kuongeza ya kwake na kupeleka. Hana muhuri wa kusema nani anastahili.

Haya, mtunza ghala. Mzee wa watu alipunguzwa ameshavuka 55. Kijana wa utumishi akamwambia, tena kwa heshima zote, "Shikamoo mzee, wewe miezi yako haijatimia, chukua mkupuo wako ukafuge kuku." Taarifa ya michango kweli ilisoma 168. Imepungua 12. Ndugu zangu, hiyo 12 ndiyo tofauti ya fedha unayopewa mara moja ikaisha, na pensheni ya kila mwezi mpaka siku yako itakapofika.

Mkewe, mama mmoja mkali sana, alikuwa na kopo la maziwa ya unga limejaa slipu za mshahara. Tukazimwaga mkekani, tukazipanga mwezi kwa mwezi kando ya taarifa ya mfuko. Miezi tisa mfululizo slipu inaonyesha makato ya NSSF, ila kwenye taarifa ni patupu. Fedha ilitoka kwa mzee, haikufika. Tisa ile yote iliangukia kipindi kampuni ilipobadilisha jina. Kuulizwa, wakajibu kwamba hayo ni ya kampuni ya zamani. Kampuni ya zamani ipi? Geti ni lile lile, mlinzi yule yule, hata mbwa hakubadilishwa!

Ikabaki mitatu. Hapo ndipo nilipompenda yule mama. Chini kabisa ya kopo kulikuwa na vocha za kaboni, rangi ya waridi, zimefifia, zina sahihi ya msimamizi: malipo ya kibarua, wiki kwa wiki, kabla mzee hajapewa barua ya ajira. Utumishi wakacheka. "Kibarua si mwajiriwa." Wasomeeni Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61. Ukifanya kazi chini ya maelekezo ya mtu, au kwa saa anazokupangia yeye, au kwa vifaa vyake, au wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, sheria inakuchukulia kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Moja tu kati ya hayo linatosha. Mzee alikuwa nayo yote.

Tukabeba kopo, hatukwenda utumishi tena, tukaenda kwa mkaguzi wa mfuko. Mchango ambao haukupelekwa ni deni la mwajiri, na mfuko una meno ya kulidai, hata mahakamani. Ile tisa ililipwa mapema. Ya kibarua ilisumbua, nenda rudi mpaka viatu vikalika, lakini ililipwa.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Mzee huyu anadhani kila mtu ana mke mwenye kopo." Sawa. Huna slipu? Taarifa ya benki inaonyesha mshahara ulioingia. Huna mkataba wa maandishi? Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi, na akishindwa kuyaleta kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake. Wake, si wako! Na wewe unayesema nachochea: kumwambia mtu akahesabu miezi yake ni uchochezi?

Naona kadi ya dakika tano. Nikimbie.

Kiinua mgongo si pensheni. Siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Hicho ni kifungu cha 42 cha Sheria ile ile ya Ajira na Mahusiano Kazini, na kifungu hicho hicho kinasema malipo hayo hayaondoi haki zako nyingine. Kwa hiyo karatasi ya "sina madai yoyote" wanayokupa pamoja na hundi, isome. Ukibanwa usaini, andika pembeni kwamba umepokea kiasi hicho tu, michango bado unadai.

Kama unapinga kupunguzwa kwenyewe, kwamba hamkushirikishwa, hamkupewa taarifa, mlango ni mwingine: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Wengi wanazimaliza kwa "njoo Jumatatu" za utumishi. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda, lakini uwe na sababu ya maana, na "waliniambia nisubiri" haitoshi kila mara.

Nilitaka kueleza fao la kukosa ajira, lile la asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita kwa aliyechangia miezi 18 na kuendelea. Muda hakuna. Dada wa mfuko amekaa pale dirishani, mkamuulize, anajua kuliko mimi.

Kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni, msiniulize, hapa hatutatoka leo. Wenye slipu wapite meza ya mbele, tuanze na wale waliopunguzwa mwezi huu.